Petroli Nyuma ya Pipa la Samaki

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na sita. Nilizaliwa Kishapu, nikaolewa Geita. Sasa nimerudi kwa wazazi wangu, na nikisikia harufu ya moshi tu, nawashika watoto natoka nao nje.

Kazi yangu ilikuwa kukausha samaki kwa moshi nyuma ya nyumba, kwenye pipa la chuma. Afisa wa zimamoto alituonya kwenye mkutano wa mtaa: pipa likae mbali na ukuta, ndoo ya mchanga iwe karibu, moto usiachwe peke yake, petroli isisogezwe hapo kabisa. Nilifuata yote. Hata kibanda changu cha nyasi kilichokuwa karibu na pipa nilikibomoa.

Mume wangu alikuwa na pampu ya petroli ya kuvuta maji kwenye mashimo ya dhahabu. Mchana mmoja, kuni zimeshashika, nikasikia harufu ya petroli. Nikampigia simu.

"Mama Neema, hiyo ni ovaroli yangu ya kazini, nimeianika hapo," akanijibu kwa upole. "Endelea na kazi yako."

Kwa nini nisimwamini? Alikuwa mume wangu...

Upepo ukavuma. Cheche zikarukia turubai lililokuwa karibu na ukuta. Nilikimbilia mchanga, sikufika. Mlipuko ulinitupa chini. Kumbe chini ya turubai lile kulikuwa na madumu ya petroli!

Moto ulipanda hadi dirisha la chumba cha mama mkwe wangu, bibi asiyeweza kutembea bila fimbo. Nilimwita, "Mayu, mayu," kama Wasukuma tunavyowaita mama zetu. Hakuitika. Majirani walivunja mlango wa mbele wakamtoa akiwa hai, miguu imeungua vibaya.

Hospitalini mume wangu aliwaambia ndugu zake kwamba samaki wangu ndio waliomuunguza mama yake. Nilieleza habari za madumu. Akakana mbele yangu, macho makavu. Nani angenisikiliza?

Walipotoka, mkwe wangu alinishika mkono.

"Mwanangu, nilimwona akiyaficha," alisema kwa shida. "Aliniomba nisikwambie, maana ungegombana naye."

Alifariki kabla hajayasema hayo mbele ya mwingine. Msibani nilifukuzwa kama muuaji.

Juzi watoto walirudi kutoka Geita kumsalimia baba yao. Niliwauliza kama bado anaweka petroli nyumbani. Neema akainamisha kichwa.

"Baba amesema tusikwambie, mama."

Nikakaa chini, nikawavuta wote wawili karibu nami...

Wasomaji wenzangu, sheria za moto si za anayewasha peke yake, ni za kila anayelala humo ndani. Ukisikia harufu ya petroli, usimpigie mtu simu kumuuliza. Zima moto, watoe watu nje, kisha utafute inatoka wapi. Na anayekuomba umfichie jambo kama hilo, mkatalie, hata akiwa ni mwanao wa kumzaa.