Wimbo wa Kusubiri Gundi

Kila alfajiri, kabla ya kwenda kazini, dobi wa hospitali alichemsha chai na kuinywa akiwa amesimama. Zamani alichemsha ya vikombe viwili. Mumewe alifariki mwaka jana, lakini mkono wake ulikuwa bado haujazoea. Mara nyingi alijikuta amepima maji ya watu wawili. Chai iliyobaki aliimwaga nje, haraka, kama mtu anayeficha kosa.

Baada ya hapo alitoa baiskeli ya mumewe ukumbini na kuanza safari. Hospitali ilikuwa mwendo wa dakika arobaini. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya wodi, na zamu ilianza saa moja kamili asubuhi.

Mwezi huo gurudumu la nyuma lilimwandama. Liliisha upepo njiani mara tatu. Fundi baiskeli wa njia panda alifungua kibanda saa tatu, kwa hiyo kila mara dobi alisukuma baiskeli kwa miguu mpaka kazini, akafika amechelewa. Jioni alimpelekea fundi. Fundi alibandika kiraka, akapokea hela yake, akasema sasa mambo safi. Baada ya siku chache upepo ulitoka tena.

Mara ya tatu msimamizi alimwita ofisini. Hakumfokea. Alimwambia kwamba anajua ana msiba, lakini mashuka ya wagonjwa hayangoji. Akichelewa tena, nafasi yake atapewa mtu mwingine.

Dobi hakuwa na wa kumweleza. Binti yake alikuwa ameolewa mbali, na alipopiga simu dobi alimjibu kama kawaida kwamba hajambo, hali ya hewa nzuri, kazi inaendelea.

Jumamosi hakuwa na zamu. Aliamka akakuta gurudumu limelala bapa sakafuni. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akainama, akavuta kopo la bati chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na vifaa vya mumewe. Hakuwahi kulifungua tangu azikwe. Alipoinua kifuniko, harufu ya grisi ilimjia puani kama mtu aliyeingia chumbani. Akalifunga. Akalifungua tena.

Aliingiza bisibisi pembeni mwa tairi, akavuta kwa nguvu zake zote. Akatoa tyubu, yaani ule mpira wa ndani unaobeba upepo. Tundu lilikuwa karibu na viraka vya fundi. Akapaka gundi na kubandika kiraka papo hapo, akarudisha kila kitu, akashika pampu. Hakufika mbali. Upepo ulitoka kwa mlio mrefu. Hapo alikaa sakafuni akalia, huku mkono mmoja bado ukipampu bila kujua kwa nini.

Ukuta ukagongwa mara mbili.

Upande wa pili aliishi mama mmoja, tarishi mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Kengele, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita alipeleka barua kwa baiskeli, na watu walimsikia kabla ya kumwona. Siku hizi magoti hayakumruhusu kupanda. Yeye na dobi walijuana kwa kikohozi na kwa mlio wa sufuria. Wakikutana mlangoni walisalimiana, kila mmoja akaingia kwake.

Sasa alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake.

"Jirani, unalia au unajaza upepo?"

"Shikamoo dada. Vyote viwili."

Kengele aliitikia marahaba, akajitafutia kiti, akaketi. Akaomba aletewe ile tyubu. Aliigeuza mikononi, akatikisa kichwa.

"Nani alikwambia tairi linafunguliwa kwa bisibisi? Ulikuwa na tundu moja, mdogo wangu. Sasa unayo matatu."

Dobi alimwomba amzibie. Kengele akakataa. Alisema akiziba yeye atakuwa fundi wa pili tu, na dobi atabaki palepale. Macho yatakuwa yake, mikono ya dobi.

Alimwelekeza kwanza achukue vile vyuma viwili bapa vyenye ncha butu vilivyokuwa ndani ya kopo. Hivyo ndivyo vya kufungulia tairi, kwa kuwa havikati mpira. Kisha ajaze tyubu upepo kidogo na kuizamisha kwenye beseni la maji. Mapovu yakapanda sehemu tatu. Dobi akaweka alama kwa kalamu. Akakausha tyubu vizuri, akasugua kila tundu kwa msasa mpaka mpira ukakwaruzika, akapaka gundi nyembamba, pana kuliko kiraka.

Alipokimbilia kiraka, Kengele alimzuia kwa fimbo.

"Subiri. Gundi hii ikiwa mbichi haishiki chochote. Ingoje ipoteze mng'aro. Ukiigusa pembeni isinate."

"Nisubiri kwa muda gani?"

"Mimi njiani sikuwa na saa. Nilikuwa naimba. Wimbo mmoja, mwanzo mpaka mwisho. Ukiisha, nabandika."

Dobi akakumbuka zamani. Alimwona mumewe ameketi pale kizingitini, tyubu gotini, akiimba wimbo uleule kila mara, sauti ikienda upande na wimbo upande mwingine. Yeye alikuwa jikoni akimwambia amalize kazi kwanza, nyimbo baadaye. Mumewe alicheka tu, akaendelea kuimba. Hakuwahi kumweleza.

"Kumbe alikuwa kazini," alisema.

"Nani?"

"Mume wangu. Akiimba, mimi namsonya."

Kengele hakumpa pole. Alisema, "Basi imba, gundi isikauke kupita kiasi."

Dobi aliimba. Sauti ilitoka kwa shida, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Alipomaliza, gundi ilikuwa imepoteza mng'aro. Akabandika viraka, akavikandamiza kwa kidole gumba.

Alitaka kurudisha tairi, lakini Kengele alisema bado. Fundi aliziba matundu, hakutafuta kilichotoboa. Ndiyo maana kila tundu lilikuwa jirani na jingine. Alimwambia apitishe kitambaa ndani ya tairi, si kidole, asije akajikata. Kitambaa kikanasa. Palikuwa na kipande cha waya, kifupi kuliko ukucha. Dobi akakichomoa kwa koleo na kukitazama. Kitu kidogo namna ile kilikaribia kumfukuzisha kazi.

Tairi alilirudisha kwa mikono mitupu, akahakikisha tyubu haijabanwa popote, ndipo akajaza upepo. Jioni gurudumu lilikuwa bado gumu.

Kengele alimshauri atoke nyumbani mapema zaidi, na abebe vifaa vyake kwenye mfuko; pasipo na maji, upepo unaovuja atausikia shavuni. Jumatano msumari ulimpata katikati ya njia. Hapakuwa na beseni wala maji. Akakumbuka alivyofundishwa, akapitisha tyubu karibu na shavu mpaka upepo ukampuliza. Akauchomoa msumari, akapapasa tairi kwa kitambaa, akasugua, akapaka, akaimba. Wapita njia walimtazama. Hakuharakisha wimbo.

Alifika saa moja kasoro dakika tatu, mikono myeusi. Msimamizi aliitazama mikono ile, akampa sabuni.

Jioni alimsimulia Kengele kila kitu. Kengele alifurahi sana, kisha akawa anachora sakafu kwa fimbo yake.

"Basi umehitimu. Hutakuwa na haja ya kunisumbua tena."

Dobi aliaga akaenda kulala.

Jumamosi asubuhi Kengele alisikia mlango wake ukigongwa. Dobi alikuwa amesimama na baiskeli.

"Dada, mnyororo unapiga kelele. Hebu usikilize."

Akainua gurudumu, akazungusha pedali. Mnyororo alikuwa ameupaka mafuta jana yake, nao ukapita kimya kabisa. Kengele alitega sikio kwa makini, muda mrefu.

"Nausikia," alisema. "Huu utatuchukua asubuhi nzima. Tuanze na chai."

Dobi akaingia jikoni, akapima maji ya watu wawili.