Gauni la Helena

Asubuhi ya tatu tangu ailete cherehani nyumbani, Tabu aliuona uzi. Cherehani ilikuwa mbovu, mkono wake haugeuki hata ungeuning'inia kwa uzito wako wote, na ndani ya nyumba hamkuwa na uzi hata wa dawa. Lakini kwenye tundu la sindano ulipita uzi mweupe, umetungwa vizuri, ncha yake imelowa mate.

"Mwasiti, uzi huu umeutoa wapi?"

"Uzi gani, mama?"

Tabu akaukata, akautupa, akajisemea ni panya. Panya! Jamani, mtu akishakitamani kitu hakosi la kujiambia.

Naye alikuwa ameitamani cherehani ile mpaka usingizini. Mwasiti, mwanawe wa pekee, alikuwa na miaka kumi na miwili na mguu wa kushoto uliosinyaa tangu homa ya utotoni. Ulikuwa mwaka wa pili tangu Operesheni Vijiji iwatoe kwenye mikorosho yao na kuwapanga mistari mistari katika kijiji kipya, njia ya Nanyamba. Kila mwenye mikono na miguu alitakiwa shamba la kijiji alfajiri. Mwasiti alikuwa na mikono tu. Baba yake aliutazama mguu ule miaka mitatu, mwisho akaandika talaka akavuka Ruvuma, na huko aliko asirudi.

"Nikifa mimi," Tabu alizoea kusema, "mtoto huyu ataokota makombo."

Cherehani ya mkono haitaki miguu. Aliposikia kwamba mjane mmoja wa Mikindani anaiondoa ya marehemu mumewe, alimpelekea magunia mawili ya makopa ya muhogo, akaichukua. Yule mjane, Bi Sharifa, alimwambia neno moja tu mlangoni.

"Iweke iwe pambo, mwanangu. Usiitengeneze."

Tabu akalichukulia kuwa husuda. Akamwita Fundi Jumanne kutoka Mtawanya, bingwa wa baiskeli, redio na kila chenye skrubu. Jumanne alikuja na koleo lake na chupa ya mafuta, akailaza cherehani ubavu, akachungulia chini.

"Mama Mwasiti, chombo hiki kizima."

"Kizima, na hakigeuki?"

"Kimezuiwa. Njoo uone."

Pale chini, bobini inapozunguka, ilikuwa imeshindiliwa hirizi ya ngozi nyeusi, ina vifundo saba, imekazwa kwa waya. Ngozi ilikuwa imeng'ang'ania chuma kama kupe.

"Ningekuwa wewe," Jumanne alisema kwa sauti ya chini, "ningeirudisha Mikindani leo leo, na njiani nisigeuke nyuma."

"Wewe nawe! Hiyo si dawa ya mvuto tu? Fundi wa pwani gani asiyeweka dawa ya kuita wateja? Imedondoka kutoka kwenye kisanduku chake."

"Imedondoka ikajifunga na waya?"

Tabu alimtazama Mwasiti, ambaye alikuwa amejiburuta kwenye mkeka mpaka mezani na tayari ameweka kiganja juu ya mkono wa cherehani, uso wote unacheka. Miaka mingi hakuwa ameuona uso ule ukicheka hivyo.

"Itoe."

"Sitoi. Nina watoto, mama."

Akampokonya koleo, akaitoa mwenyewe. Gurudumu likazunguka peke yake mara tatu, polepole, likasimama. Jumanne akafungasha vyombo vyake, hata uji aliokaribishwa hakuuonja. Na Tabu, kwa akili zake timamu, akaitundika ile hirizi juu ya mlango ili ivute wateja.

Wateja walikuja kweli. Ndani ya siku nne Mwasiti alikuwa anashona mshono ambao wengine huhangaika nao mwaka mzima.

"Nani kakufundisha kupindia hivi?"

"Bibi anayekaa nyuma yangu," Mwasiti alijibu, wala hakuinua kichwa.

Tabu akacheka, lakini alipogeuka kuchochea moto aligeuka upesi.

Mwenyekiti wa kijiji akampa Mwasiti kazi ya kushona sare za watoto wa shule, akamfutia jina kwenye orodha ya shamba. Aliandika majina ya watoto wa kushonewa kwa zamu, na la mwisho lilikuwa la Helena, binti wa jirani yao Theresia, Mmakonde wa Kitaya aliyekimbia mabomu ya Mreno. Tangu wahamie hapo Helena alikuwa akimbeba Mwasiti mgongoni kwenda shule na kurudi, akiimba njia nzima, na hakuwahi hata siku moja kusema amechoka.

Sare zikaanza kuvaliwa. Mtoto wa mwenyekiti akaanza kuchechemea. Watu wakasema kachomwa na mwiba. Kesho yake mtoto wa balozi wa nyumba kumi, kesho kutwa mapacha wa mwuza duka, wote mguu wa kushoto, wote wanalia kwamba umepoa na hauna nguvu.

Siku hiyo, jua likiwa utosini na kijiji kizima kiko shambani, Tabu alirudi kuchukua jembe lililosahauliwa. Alisikia cherehani tangu uani. Akasema moyoni, mwanangu mchapakazi huyu, akasukuma mlango akitabasamu, na harufu ikampiga usoni kabla ya macho kuona, harufu ya kafuri, ile wanayoweka kwenye maji ya kuoshea maiti. Mwasiti alikuwa amelala fofofo kwenye mkeka, mikono kifuani, na juu ya meza mkono wa cherehani ulikuwa unazunguka, unazunguka bila pupa kama wa fundi mzoefu asiye na haraka na mtu, kitambaa kinasogea chenyewe chini ya sindano, kinafika mwisho, kinageuzwa, nani anakigeuza, hakuna mtu, kinarudi tena, na Tabu amesimama jasho linamtiririka mpaka miguuni, anataka kupiga kelele, anataka kumnyakua mwanawe akimbie naye, na ndipo khanga ya Mwasiti ilipotelezeka na akauona mguu. Ulikuwa umejaa. Ulikuwa na nyama, una paja, una shavu la mguu, umenyooka sawasawa na mwenziwe.

Basi hakupiga kelele. Alirudi kinyumenyume, akafunga mlango taratibu, akaenda shambani bila jembe. Nisiwafiche, alikwenda huku analia kwa furaha.

Lakini kijiji kina macho. Mwasiti alipotoka nje anatembea, wazazi walitazama watoto wao, wakatazama sare, wakaenda kumwita Maalim Rashidi. Maalim alikuja, akainusa sare moja, akasimama chini ya ile hirizi iliyoning'inia mlangoni akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Mama, kuna mtu alijitaabisha sana kumfunga huyu. Wewe umemfungulia na kufuli umelifanya pambo." Akashusha sauti. "Ni jini mla viungo. Huchukua kwa anayevaa, akampa anayeshona. Sare zichomwe zote leo. Na hirizi irudi mahali pake, kwa mkono ule ule ulioitoa. Mimi siwezi kukusaidia kwa hilo."

"Na mwanangu?"

"Kila kiungo kitarudi kwa mwenyewe."

Sare zikarundikwa uwanjani zikatiwa moto. Watoto wakaanza kusimama mmoja mmoja, mama zao wanapiga vigelegele, na ndani ya nyumba Tabu, hirizi mkononi, alisikia kishindo. Mwasiti alikuwa ameanguka na mtungi. Mguu ulikuwa unasinyaa mbele ya macho yake, kama mfuko wa unga uliotoboka.

"Mama! Mama, unaondoka! Uzuie!"

Alikuwa na nafasi ya kutenda haki. Cherehani hii hapa, hirizi hii hapa, ni kuinama tu. Tabu akaitupa hirizi kwenye moto wa jikoni, akaangalia mpaka ngozi ikajikunja na vifundo vyote saba vikawa majivu. Kisha akatoka nje akajifuta macho.

"Nimeirudisha," aliwaambia. "Haigeuki tena."

Wakamwombea dua. Theresia akamkumbatia, akamwambia usijali dada yangu, Helena yupo, atambeba kama zamani.

Na kweli kesho yake Helena alikuja, akachuchumaa, akatoa mgongo wake. Tabu aliwatazama wakiondoka. Alijiambia kwamba watoto wale wengine walichechemea tu, hakuna aliyekufa. Kuchechemea si kufa. Na Helena ana kaka wanne, hawezi kukosa wa kumbeba.

Duka la ushirika lilikuwa na kitambaa chenye maua ya njano. Gauni likamalizika kwa mchana mmoja, na sijui kama ni Mwasiti aliyelishona.

"Nimelishona kwa mkono, Mama Helena," Tabu alisema. "Shukrani yangu kwa mtoto. Na alivae Jumapili."

Helena alilivaa papo hapo, akazunguka nalo uani, akapiga magoti kushukuru. Jini aliyefunguliwa kifungo, na hirizi yake ikawa majivu, si yule wa kudokoa. Jumapili Helena alianguka kanisani. Jumatatu hakuhisi miguu yote miwili, Jumanne mikono. Theresia hakutaka kumvua lile gauni kwa sababu mtoto mwenyewe alililia. Jumatano akafa. Mwasiti alikuwa anaruka kamba ndani ya nyumba, mlango umefungwa.

Tabu hakwenda maziko. Alisema mwanawe anaumwa. Alikuwa ameshapanga, Mungu amsamehe: gauni litagawiwa, lipate mvaaji mwingine wa kuulisha mguu ule, na alishachagua hata mtoto wa kupewa, yatima mmoja wa mstari wa tatu, asiye na wa kumlilia. Kwao Tabu, Waislamu, maiti huondoka na sanda peke yake, nguo zake hubaki kwa walio hai. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna njia nyingine ya kumzika mtu.

Alhamisi mchana, saa ya mazishi, Mwasiti alipiga ukelele. "Mguu wa baridi, mama. Wa baridi!"

Tabu akajitupia khanga, akakimbilia msibani. Watu walikuwa ndio kwanza wanarudi makaburini. Akamvuta Theresia pembeni.

"Pole, mwenzangu. Pole sana. Ile nguo... nguo za mtoto mtampa nani?"

"Nguo gani, dada? Zile matambara?" Theresia alimshika mikono yote miwili, machozi yanamtoka. "Lile gauni lako tumemvika. Tumemzika nalo. Hakuwahi kuwa na nguo nzuri kama ile maishani. Nnungu akulipe, Mama Mwasiti. Mungu akulipe kwa mwanao."

Tabu hakujua njia aliyopita kurudi. Jua lilikuwa kali, na uani mwake palinuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Mwasiti alikuwa amekaa mezani, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele yake. Haukuwa umesinyaa. Ulikuwa umenenepa vilevile, mzuri vilevile, ila rangi yake ilikuwa ya majivu, na siafu walikuwa wameshaanza kupanda vidoleni.

Mtoto hakuwa analia tena. Alikuwa ametulia.

"Mama, huu umekufa. Nataka mwingine."

"Nitaupata wapi, mwanangu? Kijiji kizima kitajua. Hakuna atakayevaa tena nguo ya nyumba hii."

Mwasiti akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayenong'onezwa sikioni. Kisha akachukua tepu mezani, akainyoosha.

"Bibi anasema hata wa mtu mzima unafaa. Simama, mama, nikupime."

Mlango ulikuwa wazi. Tabu aliutazama, akamtazama mwanawe na wale siafu waliofika kwenye goti. Akasimama, akainua mikono kama mteja.

"Na nikifa mimi, Mwasiti? Utabaki na nani?"

"Na Bibi," Mwasiti akasema, na akamzungushia tepu kiunoni.