Karibu, Pita Ndani

Dada yangu ni fundi wa mapazia, na fundi wa mapazia asiye na usafiri ni mtu wa kubeba marobota begani. Aliponiambia anataka gari dogo lenye mlango wa nyuma, lile linalobeba mzigo bila kuonekana ni la mzigo, nilifurahi kuliko yeye. Mimi ni mdogo wake, na nina ugonjwa wa kutotulia. Nikikaa kitini kidogo tu, mguu unaanza kutikisika. Kazi ya kuzunguka kutafuta gari la mtumba ilinifaa.

Tulilipata nyumbani kwa mwalimu mstaafu, asubuhi yenye jua zuri. Rangi ya fedha, viti safi, matairi bado yana meno. Mwalimu alikuwa mpole, akajibu kila nilichouliza. Kitu kimoja tu kilinikera. Tulipolijaribu barabarani alifungulia redio juu sana, na nilipoipunguza nisikilize injini, akaipandisha tena. Nikasema moyoni, masikio yamezeeka. Dada akacheka, akasema gari lenye redio ya namna ile litamfaa Chiriku.

Chiriku ni binti yake. Wakati ule alikuwa ndio kwanza ameanza shule, na alikuwa anaongea tangu anaamka hadi usingizi unapomkatiza katikati ya neno. Ni mtoto wake wa pekee, aliyempata baada ya kukata tamaa, na anampenda kupita kiasi. Nalisema hili mapema kwa sababu habari yenyewe ni hiyo: namna dada alivyokaribia kumpoteza, mchana kweupe, watu wakipita barabarani.

Hatukukaa nalo sana, gari likaanza kugonga. Kila likivuka tuta, nyuma panalia: ngo, ngo, ngo. Fundi wa gereji akabadilisha shokapu. Akabadilisha bushi. Akatoa tairi la akiba na jeki, akapitisha mkono mpaka chini ya zulia la buti. Tukatoka gereji, tukavuka tuta la kwanza, ngo, ngo, ngo. Fundi akasema gari la mtumba haliachi tabia za kwao.

Sasa inabidi umjue dada kazini. Mlango wa karakana yake unagongwa siku nzima. Yeye ameinama kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni, na anayebisha hodi hujibiwa bila kutazamwa: "Karibu, pita ndani, jisikie uko nyumbani." Maneno hayo humtoka kama chafya. Siku moja tulikuwa tunapeleka mapazia kwa mteja, mimi mbele pamoja naye, Chiriku nyuma. Gari likavuka tuta, pakalia ngo, ngo, ngo, naye akajibu.

"Karibu, pita ndani, jisikie uko nyumbani."

Chiriku alicheka mpaka akapaliwa. Mimi pia nilicheka, na dada mwenyewe akacheka kwa kujishtukia. Tulivuka tuta lililofuata bado tunacheka, na gari halikugonga.

Halikugonga tena hata siku moja. Dada alimpelekea yule fundi soda ya asante.

Mimi sikutulia. Gari lilikuwa zito. Kilima kidogo tu, linahema. Na nyuma lilikuwa limekaa chini, matairi yamezama ndani ya bodi, kama limepakia magunia ya saruji. Nilifungua mlango wa nyuma. Tupu. Nikafunga, nikafungua tena. Tupu. Ujue magari ya aina ile hayana buti la kujitenga. Kilichomo nyuma kimo ndani pamoja nanyi, mnavuta hewa moja. Nilipapasa zulia. Lilikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Kisha Chiriku akaanza kukaa amejibana mlangoni, nafasi yote ya katikati ameiacha wazi. Na akanyamaza. Mtoto yule, kunyamaza! Dada alidhani ni homa, akampima kwa kiganja. Hana homa. Akamuuliza kulikoni.

"Mgeni anaongea," Chiriku akanong'ona. "Ni vibaya kumkatiza mgeni."

Dada alijaribu kulifanya utani. Akasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini kutoka pale mpaka nyumbani aliendesha bila kuangalia kioo cha nyuma.

Akaamua mtoto asipande tena gari lile, atembee. Haikusaidia. Mara anatafutwa wakati wa chakula cha mchana, anapatikana garini. Milango imefungwa. Ufunguo uko mfukoni mwa aproni ya mama yake. Mtoto ameketi kwenye kona yake, amefunga mkanda, midomo inacheza, sauti haisikiki. Alipotolewa mara ya kwanza alilia. Mara ya pili hakulia. Alimtazama dada kama anavyotazamwa mtu ambaye hukumbuki mlionana wapi.

Dada aliogopa. Namfahamu tangu tunagombania blanketi, na sikuwahi kumwona akiogopa namna ile. Mikono yake haikuweza kutia uzi kwenye sindano. Alitaka kuliuza gari, na palepale akaogopa kuliuza. Alisema, je, likiondoka na mtoto akalifuata?

Nikampigia mwalimu simu. Nyuma ya sauti yake niliisikia redio, juu vilevile. Nilimweleza yote.

"Mlimjibu?" aliuliza.

"Nani?"

"Mimi sikumjibu," akasema. "Miaka yote ile. Nilipandisha redio nisiisikie ile hodi, maana mdomo huzoea kuitikia."

Nilitaka kumtukana. Nikamuuliza huyo mgeni ni nani, akasema hajui, alimkuta. Nikamuuliza anafukuzwaje. Akasema mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi. Huwa anaaga mwenyewe. Halafu akashusha sauti, hata redio ikamzidi, nikabana simu sikioni.

"Akiaga," alisema, "angalieni nani anamsindikiza."

Sote tunajua kusindikiza kulivyo. Unasema namfikisha pale kona tu. Maongezi yananoga, kona inapita, na unajikuta mbali. Niliirudisha simu mfukoni nikakimbilia karakanani bila kufunga mlango wa nyumba.

Jua lilikuwa kali. Gari liliegeshwa mbele ya karakana, mlango wa nyuma umeinuliwa juu, wala hakuna aliyeuinua. Chiriku alikuwa amesimama pale, amevaa viatu vya shule, amejifunga vizuri kamba zake ambazo siku zote hufungiwa. Mkono mmoja ameuning'iniza pembeni. Vidole vilikuwa vinakunjuka, tayari kushikwa.

"Mama, mgeni anaaga," alisema. "Anataka nimsindikize. Mpaka kona tu."

Dada alikuwa mlangoni. Akatema pini kiganjani, moja moja, akaziweka juu ya meza. Akaniambia nimshike mtoto. Nikamshika. Halafu akazungumza na ule mlango wazi kwa sauti ileile anayotumia kwa wateja.

"Mgeni ni wangu. Mimi ndiye niliyesema karibu. Kwetu mtoto hasindikizi watu."

Akanyoosha mkono wa kulia. Aliunyoosha chini, karibu na goti.

Nikaona vidole vyake vikibonyea.

Wakaanza kutembea. Nasema wakaanza, ingawa nilimwona mmoja. Dada alikwenda polepole, bega la kulia limeinama. Muuza magazeti alimsalimia, hakuitikia. Kila baada ya hatua kadhaa aliinamisha kichwa upande ule, akasikiliza. Akatabasamu. Lile tabasamu la adabu, la mtu anayesimuliwa asichotaka kukisikia.

Chiriku alipigana mikononi mwangu. Hakupiga kelele. Alining'ata mkono mpaka nikavuja damu, kimya.

Dada akafika kona. Akasimama. Mkono wake ukavutwa mbele. Akarudi nyuma hatua moja. Ukavutwa tena, visigino vyake vikaburuta vumbi. Nikamwita, hakugeuka. Midomo yake ilisema kitu. Kisha mkono ukaachiliwa ghafla, akayumba, karibu aanguke.

Nyuma yangu gari likalia kwa chini, kwiii, na matako yake yakainuka.

Ndipo Chiriku alipolia, kilio cha kawaida cha mtoto aliyechoka, na katikati ya kilio akaanza kueleza kwamba viatu vinambana, ana njaa, na kwa nini mjomba anatoka damu. Dada aliisikia sauti ile akiwa bado yuko mbali. Akakimbia. Alimkumbatia mtoto pale chini vumbini, akacheka huku analia, nami nililia bila aibu.

Jioni ile nilimuuliza alimwambia nini pale kona.

"Nilimwambia kwaheri."

"Hukusema karibu tena?"

Alisema hakumbuki.

Gari tulilipeleka kwa wakata vyuma, tukasimama mpaka likakatwa vipande. Chiriku hajanyamaza tangu siku ile. Sasa yuko madarasa ya juu na mwalimu wake analalamika. Lakini mkono wa kulia wa dada ulibaki na alama, michirizi myekundu ya vidole vilivyoushika. Daktari wa ngozi aliupaka dawa, akabadilisha dawa, akachoka. Mwanzoni zilikuwa alama za vidole vidogo mno, vya mtoto anayejifunza kutembea. Nilizipuuza kwa miaka, wala sikuona kwamba zinakua, mpaka juzi, Chiriku katika michezo yake alipouchukua mkono wa mama yake akapachika vidole vyake juu ya ile michirizi. Vilienea sawasawa, kidole kwa kidole.