Ofisi ya Wankyo

Watoto wote walikuwa ndani, wamebanana. Sasa hiyo hodi ilitoka kwa nani?

Ofisi yenyewe ilikuwa ya mchezo tu, banda tupu la mbuzi, nyumbani kwa Mama Wankyo, pale Bunda. Ofisi ya pamba, wakulima walikopanga foleni ya malipo, ilikuwa imefungwa, vitu vyake vikatupwa nyuma ya ghala, na watoto wakajibebea mafaili, karatasi za kaboni na mihuri mikavu. Benchi la wageni mama alilichukua yeye, akaliweka ndani ya nyumba, maana siku hizo viti vilikuwa adimu kama sabuni. Wankyo, msichana wa darasa la nne mwenye mdomo, ndiye alikuwa bosi.

"Hodi," ikarudia sauti ya kizee, na jua la mchana linawaka. "Nimefuata muhuri, bosi."

Wankyo akajibu kama alivyosikiaga maofisa: "Njoo kesho!"

Wenzake wakacheka. Mdogo wake, Clementi, akachungulia nje. Hapakuwa na mtu, ila harufu ya pamba iliyooza.

Kesho yake akaja kweli. Safari hii hodi ilipigwa kwenye mlango wa nyumba. Mama akasali, akachoma mihuri yote, ndipo akamwita mganga Machage.

"Huyu alifia kwenye foleni," Machage alinong'ona. "Mngempigia muhuri angeenda zake."

"Nimeichoma!"

"Ala! Umeharibu, mama. Sasa anamsikia bosi wake tu. Binti akimwambia kesho, anaondoka. Asipomwambia, mimi sijui."

Basi Wankyo akafungwa na neno lake mwenyewe. Shule ya mchana hakuna, kwa bibi kule Kisorya hakuna, kila siku anakaa nyuma ya mlango anasubiri harufu ile ipenye chini, isogee, imfike miguuni, ndipo hodi ipigwe naye aseme njoo kesho, njoo kesho, huku machozi yanamtoka.

Halafu malaria ikamlaza, sauti ikakauka kabisa.

"Hodi, bosi."

Wankyo akafumbua mdomo. Kimya.

"Hodi!" Komeo likatikisika.

Mama, roho juu, akashika jibu alilopewa yeye mwenyewe miaka yote kwenye dirisha lile la ofisi ya pamba.

"Bosi hayupo!"

Komeo likatulia. Mama akashusha pumzi, akamkumbatia mwanawe.

"Haya, mama," sauti ikasema kwa adabu. "Nitamngojea ndani."

Mlango haukufunguka. Lakini kando ya kitanda benchi likalia, kama linavyoliaga mtu akikaa.