Josie Hajibu

Kila alipotoka shule, Signe alivua viatu vyenye matope mlangoni, akapaka siagi ya karanga kwenye mkate, kisha akajibwaga kwenye kochi na simu yake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, akiishi na baba yake mjini Duluth, kule kaskazini ambako Oktoba haiishi kabla theluji haijabisha hodi. Saa hiyo ndiyo walichati watatu: yeye, Tobin wa nyumba ya jirani, na Josie, aliyehamia Nebraska na mama yake mwaka uliopita.

Walilalamikia kila kitu. Tobin alilia na nyaya za meno, Signe na mwalimu wa hesabu. Malalamiko yakiisha, waligeukia filamu za kutisha. Halowini, usiku wa watoto kuvaa vinyago na kuomba peremende nyumba kwa nyumba, ilikuwa imebakiza wiki moja, nao walikubaliana kutazama filamu moja kwa wakati mmoja, kila mtu kwao.

"Ile ya sanamu ya shambani inayotembea," aliandika Tobin.

"Wewe? Si ulikimbia ukaacha popkoni mwaka jana?" Signe akamjibu.

Josie akaingilia. "Jamani, mimi nina kiu balaa. Leo nimeomba ruhusa ya chooni mara sita, mwalimu kafura. Na suruali zote zinanivuka."

"Umeng'atwa na mnyonya damu wewe! Subiri meno yaote," Tobin akaandika. Wakacheka wote.

Baadaye Josie alimwandikia Signe peke yake. "Naumwa kweli, ila usimwambie mtu. Mama akijua atanipeleka hospitali, na nitakosa kuzunguka na wenzangu kuomba peremende. Nitamwambia Halowini ikipita. Niahidi."

Signe akaahidi. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Jumamosi mchana simu ililia. "Natapika tangu asubuhi," aliandika Josie. "Mama yuko kazini. Napumua kama nimekimbia mbio."

"Filamu imeanza, hiyo!" Tobin akatania.

Ujumbe uliofuata ulikuwa na maneno mawili tu, herufi zimevurugika. Kisha kimya.

Signe alipiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena, mara kumi na moja. Kutoka Duluth hadi kwa Josie ni mwendo wa saa tisa kwa gari. Angefanya nini, yeye mtoto, na sebule yake, na simu yake? Akisema, Josie atamchukia. Asiposema… Hakuimaliza fikra hiyo. Alikimbilia gereji, ambako baba yake alikuwa akitengeneza mashine ya kuondolea theluji.

"Baba, Josie anaumwa na hajibu!" Akamweleza yote.

Baba aliusoma ule ujumbe, uso ukabadilika. Akapiga simu ya dharura palepale. "Wanauliza anakaa wapi," akasema.

Signe alijua jina la paka wa Josie. Alijua Josie anaogopa ngazi za kushukia chumba cha chini ya nyumba. Mtaa wake hakuujua.

"Mama yake Tobin!" akapaza sauti. "Akina Josie walimtumia kadi ya Krismasi!"

Alimpigia Tobin, naye akaja mbio na bahasha, miguu mitupu. Baba akaisoma anwani neno kwa neno, akaacha na namba yake ya simu. Baada ya hapo hawakuwa na la kufanya. Walikaa kwenye ngazi za gereji, wakiitazama simu ambayo haikuita.

"Mimi nilimcheka," Tobin alisema, akijifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Na mimi nilinyamaza," Signe akasema.

Ilipita karibu saa mbili kabla simu haijaita. Alikuwa mama yake Josie, sauti ikimkatika. Wahudumu wa gari la wagonjwa walimkuta Josie kwenye sakafu ya bafu, hajitambui. Ni kisukari, nao hawakujua kwamba anacho. Sasa yuko kwenye dripu na ameanza kufumbua macho. "Daktari anasema kama wangechelewa kidogo…"

Siku ya Halowini yenyewe, Josie aliandika kutoka kitandani: "Nimekukasirikia. Uliahidi. Wamenitoboa vidole vyote, na Halowini imenipita."

Signe alimpelekea baba yake simu, machozi yakimlengalenga. "Ananichukia, Baba."

Baba alisoma, akaketi karibu naye. "Amekasirika. Vizuri. Anayekasirika ni mzima." Kisha sauti yake ikawa nzito. "Lakini na wewe nisikilize, mwanangu. Siri ya zawadi, itunze. Siri inayomuumiza mwenzio usiitunze hata saa moja. Ilete kwa mtu mzima, hata kama uliahidi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ungekuja kwangu Jumanne, asingelala kwenye sakafu ile."

"Najua," Signe alisema kwa sauti ndogo.

"Jumamosi ulikuja. Ndiyo maana leo anazo nguvu za kukugombeza."

Signe aliichukua simu. Alifikiri sana, akafuta, akaandika upya: "Kasirika tu, Josie. Kasirika hata mwaka mzima. Mimi nipo."