Visanduku Visivyo na Majina

Kila siku baada ya masomo, Esteri aliteka maji, akawasha moto, kisha akamsaidia mama yake kuchambua maharage. Kwao ni Titye, wilayani Kasulu. Akina mama wa kikundi chao walihifadhi mavuno katika ghala moja, na magunia hayakuandikwa chochote. La kwanza kutoka mlangoni lilikuwa la mama Esteri, la pili la Mama Fidele, la tatu la Immakulata. Kila mtu alilijua gunia lake kwa mahali lilipokaa, na hakuna aliyewahi kugombana.

Kwa hiyo klabu ya kompyuta ya shule ilipowapa Esteri na mwanafunzi mwenzake Pasikali kazi ya kutengeneza ukurasa wa tovuti wa kikundi hicho, Esteri alifuata mazoea ya nyumbani. Mwalimu Nduwayezu alikuwa amewafundisha kutumia div, yaani kisanduku kitupu kinachobeba chochote utakachokiweka: picha, maelezo au namba ya simu.

"Chenyewe hakisemi kimebeba nini," aliwaonya. "Kipe jina kwanza, ndipo ukipambe kwa kulitaja jina hilo."

Esteri aliona hiyo ni kazi ya bure. Uvivu una ujanja wake, hujifanya akili. Alimpa kila mwanachama kisanduku kisicho na jina, akaiagiza kompyuta cha kwanza kiwe cha njano, cha pili chekundu, cha tatu cheupe, kufuata rangi za maharage ya wenyewe. Ukurasa ukapendeza kweli. Katika mashindano ya wilaya, shule yenye ukurasa bora ingechaguliwa kuiwakilisha wilaya mjini Kigoma, na Esteri aliitamani safari hiyo kuliko nguo ya Krismasi.

Siku ya mashindano ikafika. Zilikuwa zimebaki dakika arobaini tu majaji waanze kukagua, Mama Vestina alipoingia ukumbini Kasulu mjini. Alikuwa mjane aliyejiunga na kikundi juzi tu, na alikuwa ametoka Titye alfajiri.

"Mwakeye, wanangu," aliwasalimu. "Nimeleta picha ya maharage yangu meusi. Na mimi niwekeni."

Pasikali akaongeza kisanduku chake juu kabisa, kwa kuwa mgeni hupewa kiti cha mbele. Hapo hapo rangi zote zikahama. Maharage meusi yakakaa kwenye njano, ya njano kwenye nyekundu, mekundu kwenye nyeupe, na kisanduku cha Immakulata kikabaki bila rangi yoyote.

"Tumwondoe tu," Pasikali alinong'ona. "Kila kitu kitarudi mahali pake. Majaji watajuaje?"

Esteri alisita, maana Kigoma ilimvuta. Kisha akamtazama Mama Vestina, miguu imejaa vumbi jekundu, akiitabasamia picha yake kwenye kompyuta. Aibu ikamshika.

"Hapana," alisema. "Kosa ni langu, siyo lake. Mwalimu alinionya."

Akaanza upya. Pasikali alisoma majina, Esteri akaandika. Kila kisanduku kikapata jina la mwenye maharage, na kila rangi ikaagizwa kwa jina, siyo kwa nafasi. Rangi zikarudi kwa wenyewe. Zilipobaki dakika tatu, Esteri akalizungushia span neno "mpya" katika maelezo ya Mama Vestina. Hicho ni kisanduku kidogo cha kushika neno ndani ya sentensi. Neno hilo pekee likawa la kijani.

Jaji aliutazama ukurasa kwa makini. "Na akijiunga mwanachama mwingine kesho?" aliuliza.

Esteri akaongeza kisanduku kingine mbele ya vyote. Hakuna rangi iliyohama. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na shule yao ilipotangazwa ya kwanza, Mama Vestina akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Nje ya ukumbi, Esteri alimweleza mwalimu kila kitu, hata lile wazo la kumwondoa Mama Vestina.

Mwalimu Nduwayezu akatikisa kichwa. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Esteri. Kazi ya kivivu hupendeza mpaka siku anapoongezeka mtu mmoja. Hapo mvivu hutafuta wa kumtoa, lakini mchapakazi humtengenezea nafasi. Leo umemtengenezea mtu nafasi, na ndiyo maana tunakwenda Kigoma."