Fimbo Aliyoiangusha Mahir

Gati la Mokowe lilifurika watu na magunia ya vitunguu siku ile. Hadia, fundi cherehani wa mtaa wa Langoni, alisimama katikati na robota lake la vitambaa, buibui jipya mwilini na viatu vyekundu ambavyo hakutaka viingie hata vumbi. Mara tairi la lori likapasuka. Kabla hajageuka, mkono ulimvuta, akajikuta chini nyuma ya magunia, na kijana wa shati la buluu amemkinga kwa mgongo wake.

"Ni tairi, bwana!" Hadia alisema huku akicheka na kukifuta kiatu kilichochubuka. "Umeniharibia zatu zangu."

Kijana hakucheka. Alikuwa bado akilichungulia lori juu ya magunia. "Niwie radhi, Bi. Naitwa Mahir. N'takununulia zengine."

Mwingine angekasirika. Hadia alipenda. Mwanamume anayekukinga kwanza na kuuliza baadaye, alijiambia, ndiye mume. Aliutazama ugonjwa machoni akauita ushujaa, na simlaumu, maana hata sisi wengine tungekosea vivyo hivyo.

Miezi mitano simu hazikukatika baina ya Langoni na Pate, kwao Mahir. Zamani alikuwa kondakta wa basi, sasa alipakua mizigo gatini. "Basi sitaki tena," ndilo pekee alilosema. Walipokutana mkahawani, hakukaa ila akiutazama mlango.

"Wamngojea mke mwengine?" Hadia alimtania.

"Wewe mmoya wanitosha, kipenzi."

Lakini usiku alikuwa halali, na wakati mwingine alifoka kwa jambo dogo, kisha akaomba msamaha siku nzima.

Ikaja harusi ya Swafwan, kakake Hadia. Alasiri zumari lililia na wanaume wakaingia uwanjani kucheza kirumbizi, fimbo kwa fimbo. Swafwan akamrushia Mahir fimbo mbele ya watu wote: anayemtaka dada yao aingie wamuone. Fimbo zao wawili ziligongana mara ya kwanza, mara ya pili. Zilipolia mara ya tatu, Mahir aliitupa yake, akajishika kichwa, akakimbia katikati ya wanawake na kuangusha sinia la pilau. Na kumwacha mwenzako uwanjani bila kushusha fimbo na kumpa mkono ni kuitukana nyumba yake.

"Posa yake isiye kwetu!" Swafwan alinguruma. "Mwoga, tena katutukana!"

Hadia naye alikasirika, tena sana. Alipiga simu siku nne ili amgombeze, haikupokewa.

Siku ya tano Cherotich, muuguzi kutoka Bomet anayefanya kazi kliniki ya mjini, alikuja kujaribu gauni. Hadia alimmwagia yote, pini mdomoni.

"Analala vizuri?" Cherotich aliuliza.

"Halali."

"Na akisikia kishindo?"

Hadia akalikumbuka lile tairi. Akazitoa pini mdomoni. "Basi lao lilipigwa risasi ndiani mwaka yana. Dereva akafa. Nilisikia kwa watu, yeye halitaji kabisa."

"Hadia, huyo si mwoga. Mwili wake bado uko ndani ya lile basi. Ni ugonjwa, una tiba, na akija mapema ni rahisi kumsaidia. Mlete Jumatatu."

Jioni ile simu ikapokewa.

"Mahir, ukikata nakuya Pate kwa miguu."

"Pate ni kisiwa, Hadia."

"Basi utaniona nilivyorowa."

Mahir alicheka kidogo, kisha akalia. "Sikuona fimbo. N'liona kioo cha basi kikivunjika. Kila nikifumba mato namuona Fadhil kwenye usukani."

"Huo ni ugonjwa, mpenzi. Twende kliniki."

"Wataniita mwendawazimu. Afadhali mwalimu aniandikie aya sahanini, ninywe kombe."

"Kunywa kombe, kisha twende kliniki. Dua haikumkataza mtu daktari."

"Na watu wa kwenu?"

"Na waseme! Nguo zao nawashonea mimi, lakini mdomo wangu hawatanishonea."

Jumatatu mabenchi ya kliniki yalijaa, wengi majirani wa Langoni. Minong'ono ilianza walipoingia. Cherotich alifungua daftari.

"Aliyemsindikiza nimwandike nani wake?"

"Sema jirani," Mahir alimnong'oneza. "Usijiharibie jina."

Hadia alisimama wima. "Andika mchumba," alisema kwa sauti iliyofika barazani. "Kakangu akiya kuuliza, mfungulie asome."

Upepo ukaubamiza mlango. Mahir aliruka, mikono kichwani, na benchi zima likamkodolea macho. Hadia akawatazama wao, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho akainama. Mahir akashusha mikono polepole. Akasimama mwenyewe, akaelekea chumba cha daktari.

"Ningoje, Hadia."

Hadia akaunyoosha mguu wenye kiatu chekundu kilichochubuka.

"Niende wapi, nawe zatu zangu huyaninunulia?"